Kidole cha Mwisho

Miaka yote ya ndoa yetu mume wangu Ruben alipiga kinanda, na miaka yote mimi nilimwambia aongeze noti. Sikuwa natania. Mtu mzima mwenye vidole kumi anakaa mbele ya kinanda kizima, halafu anagusa noti nne, tano, anazirudia, anazirudia, wewe unakwenda sokoni unarudi, bado yuko palepale. "Baba Orpha," namwambia, "wimbo umekwama, au ni wewe?" Naye anajibu bila kugeuka, "Haujakwama, Mama Orpha. Tega sikio, umeshahama." Nikitega sikio, kweli, kuna noti moja imechelewa, nyingine imejipenyeza chini yake, na bila kujua umefikishwa mahali pengine. Ni kama kusonga bugali: mwiko unazunguka palepale lakini sufuriani mambo yanaendelea. Ila bugali mwishowe tunaila. Ule muziki haukumshibisha mtu, na nilimwambia hivyo hata mbele ya wageni.

Alianza akiwa kijana, misheni kule Uvira, Kongo, mwaka wa sabini na nane, kwenye kinanda cha kukanyaga kwa miguu. Unyevu wa ziwa ulikuwa umeua nusu ya noti zake. Wenzake wakasubiri fundi atoke Bukavu. Ruben hakusubiri mtu, akatunga kwa noti zilizobaki hai. Padre alimvumilia Jumapili chache, kisha akamwambia muziki wake haufiki popote na waumini wanasinzia kabla hata ya mahubiri, akampa mwingine ufunguo wa kinanda. Hiyo ndiyo sifa yote aliyowahi kupewa, mpaka tulipofika Birmingham tukazeekea hapa.

Mwaka juzi mikono yake ikaanza kutuangusha. Kwanza vikombe. Halafu vifungo vya shati, nikawa namfunga mimi huku namtania kwamba amepata yaya bure. Tukapelekwa ile hospitali kubwa ya upande wa Harborne, wakampima wiki baada ya wiki, na mwisho daktari akatukalisha, akaanza kuongea kwa ile sauti ya upole inayonitia hasira. Neva zinazoamrisha misuli zinakufa, akasema. Dawa ya kuponya hakuna. Imeanza na mikono, itapanda. "Itapanda mpaka wapi?" nikamuuliza. Akamwangalia Ruben badala ya kuniangalia mimi, akataja: kumeza, kusema, kupumua.

Tukashuka chini. Pale ukumbini, karibu na mlango wa kutokea, kuna piano ambayo yeyote anaweza kuipiga. Ruben akanipa koti lake, akakaa. Nikasema moyoni, Mungu wangu, huyu ni mwanaume wa namna gani, ametoka kuambiwa anakufa na anakwenda kucheza. Akapiga moja ya zile za misheni. Nilisimama na koti mkononi, na kwa mara ya kwanza sikutaka aongeze noti yoyote.

Ndipo akaja Rupesh. Alikuwa amemleta mama yake kliniki, akamwacha kwenye kiti cha magurudumu katikati ya njia, akatujia mbio kama mtu aliyeibiwa. Kazi yake ni kurekodi muziki, ana studio ndogo nyuma ya maduka ya Harborne High Street. Akamuuliza Ruben kwa Kiingereza, "Huu umeutoa wapi?"

"Kichwani."

"Lini?"

"Sabini na nane."

Yule bwana akakaa chini, sakafuni, hospitalini, watu wanamruka. Akatueleza kwamba miaka ileile huko Marekani na Ulaya walikuwepo watu wachache tu waliokuwa wakitunga hivyo, noti chache, melodi nyepesi inayorudi na kubadilika polepole, na leo watu hao wanaitwa waanzilishi, wanasomwa vyuoni, muziki wao unapigwa kwenye kumbi kubwa. Na hakuna anayejua kwamba mmoja wao alikuwa Uvira.

"Mimi mwanzilishi?" Ruben akauliza. "Mimi padre alinifukuza."

"Wao nao walizomewa," Rupesh akasema.

Nikacheka. Siku ile ile, nikiwa na barua ya daktari kwenye mkoba, nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Basi Rupesh akaamua kurekodi kila kitu kabla mikono haijaisha. Alikuwa anakuja kwetu Ladywood, ghorofani, na mashine zake mgongoni, lifti ikiwa mbovu anapanda kwa miguu na halalamiki. Nilimpenda kwa hilo. Nyimbo za misheni zilikwisha moja baada ya nyingine, na za kambi ya wakimbizi, na zile chache alizotunga hapa. Ukabaki mmoja. Ruben alikuwa akiuahirisha, na nilijua anauahirisha kwa ajili yangu.

Ulikuwa wimbo wa Orpha. Orpha ndiye mtoto wetu. Hatukujaliwa mwingine, na ndiyo maana mpaka leo tunaitana Baba Orpha na Mama Orpha, ingawa hapa wakituuliza Orpha yuko wapi tunabadilisha mazungumzo. Alikufa kambini Tanzania, mwaka tuliokimbia vita, kwa homa ambayo hapa wangeimaliza kwa vidonge. Alikuwa na miaka sita na alikuwa na maneno mengi kuliko mimi.

Wimbo wenyewe hauhitaji maelezo mengi. Kwenye piano ukigusa noti inaanza kufa papo hapo, lakini kwenye kinanda cha upepo sauti inaendelea mpaka uinue kidole. Ruben alianza na vidole vyote juu ya noti, sauti imejaa nyumba, na melodi ikitembea ndani yake. Kila mzunguko anainua kidole kimoja, na kidole hicho hakirudi tena. Sauti inapungua, inapungua, mpaka inabaki noti moja. Na hiyo nayo inainuliwa. "Hapo ndipo wimbo ulipo," aliwahi kuniambia. "Kile kimya. Mengine yote ni njia ya kufikia pale."

Mimi sikuwahi kukifikia. Sauti ikianza kuwa nyembamba tu, najikuta jikoni, nasugua sufuria ambayo ni safi. Sikujua kwa nini. Nilijua tu kwamba nikibaki pale kuna kitu kitanitoka mwilini na sitakirudisha.

"Nataka niupige mara moja mpaka mwisho, na urekodiwe, na wewe uwepo," Ruben akaniambia kiangazi kile. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa tayari hakimsikii. "Baada ya hapo mikono ikitaka kwenda, iende." Mtu akikuomba hivyo utasema nini? Nikasema nitakaa.

Alitaka kinanda cha upepo, cha kweli. Kilikuwepo kimoja Castle Vale, kwenye ukumbi ambao kanisa letu linapanga, kimefunikwa shuka pembeni, mali ya Wazungu waliosali pale kabla yetu. Ufunguo wa ukumbi anao Mama Dative, kiongozi wa akina mama. Tulikuwa wote kambini, tukaletwa Uingereza mwaka mmoja. Nikampigia, nikamwambia tunauhitaji Jumanne mchana, Ruben anarekodi wimbo wa mtoto. Akasema sawa, dada, mlango utakuwa wazi.

Mlango ulikuwa wazi, na ndani walikuwa wamekaa akina mama wote wa kanisa, vitenge vya msiba kiunoni, chupa za chai na mikate ya kukaanga iko mezani imefunikwa. Hakuna aliyewaalika. Lakini kwetu mtu hampigii mtoto wake marehemu wimbo wa kumuaga akiwa peke yake na mashine, hilo halipo. Rupesh aliogopa kidogo, akawaomba wazime simu na wasitoe sauti. Wakazima. Wakakaa kimya kama picha. Rupesh akanigeukia akaniambia hajawahi kuona wasikilizaji watulivu hivi.

Ruben akaanza. Miguu yake ilikuwa bado mizuri, akakanyaga, upepo ukaingia, na ukumbi ule wenye viti vya plastiki ukajaa sauti mpaka nikaisikia mbavuni. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Kidole cha kwanza kikainuka. Cha pili. Nikashika kiti kwa chini ili nisiinuke. Mikono yake ilikuwa inatetemeka lakini melodi haikutetemeka, ilikuwa inatembea tu, kila mara ikiwa na nafasi ndogo zaidi ya kukanyaga. Nikasema, kaa, Francine, kaa, mwanamke wewe. Zikabaki noti tatu. Zikabaki mbili. Mtu akavuta kamasi. Ikabaki moja.

Aliishika noti ile. Aliishika muda mrefu, na nikaona mabega yake yanaruka, kwa sababu alikuwa analia.

Na Mama Dative akaanza kuimba.

Sijui niwaelezeje watu ambao si wa kwetu. Msibani, mfiwa akiimba na sauti ikamkatikia kooni, humwachi hapo. Unaupokea wimbo kutoka mdomoni mwake, unauendeleza, mpaka apate nguvu. Ni kitu cha kwanza msichana anafundishwa na mama yake, kabla ya kupika. Mama Dative alisikia noti imekwama, akaona mabega, akafanya alichofundishwa. Wenzake wakampokea, sauti ya pili, sauti ya tatu, wamesimama wote, wanaimba kwa moyo wote, machozi yanawatiririka. Na chini ya kuimba kule nilimwona mume wangu anainua kidole chake. Hakuna aliyesikia. Hata mimi sikusikia.

Niliwatukana. Sitaki kurudia maneno niliyotumia, na ulikuwa ukumbi wa kanisa. Niliwaambia wamemwibia mtu anayekufa, mtu aliyekuwa na mara moja tu, moja, na wao hawawezi kufunga midomo hata Yesu akiwaomba. Wakatoka wakiwa wamejifunika nyuso. Mama Dative hakutoka.

"Unataka tungenyamaza?" akaniuliza. "Siku ile hemani ulipokataa kuuachia mkono wa mtoto, nani alikufungua vidole? Ni mimi, dada. Kimoja kimoja. Nilikuwa naimba ili usisikie ninachofanya. Ulitaka ninyamaze siku ile pia?"

Nikamgeukia Ruben. Alikuwa bado kwenye benchi, mgongo kwetu. Ndipo nikaelewa vile vidole vya wimbo vilikuwa vya nani. Siyo vyake. Vilikuwa vyangu.

"Wanaume tuliambiwa tukae nje," akasema, taratibu. "Nilisimama nyuma ya turubai. Nilisikia kuimba tu, ya vidole niliambiwa baadaye. Mtoto wangu alikuwa anaondoka, na mimi nasikia kuimba. Tangu siku ile natafuta kusikia kilichokuwa chini yake." Halafu akamwambia Mama Dative, bila hasira yoyote, "Hukukosea, dada. Mimi ndiye sikusema kwamba nataka kimya." Mama Dative akakaa chini, akaanza kulia kwa sauti, na ikabidi mimi niliyemtukana nikamshike.

Ruben alijaribu tena siku ile ile. Kidole hakikukubali kushika, kiliteleza kama cha mtu aliyelala. Rupesh akaenda kujaribu kuondoa sauti za akina mama kwa kompyuta, akarudi baada ya siku kadhaa uso umemshuka. Akiondoa sauti zao, noti nayo inaondoka.

Vuli ilipoingia, mikono ya Ruben ikawa imekufa yote miwili. Namlisha, namfuta, nambeba na manesi wanaokuja asubuhi na jioni. Hakulalamika. Jioni moja nilikuwa namkata kucha, akaniambia, "Mama Orpha, wewe una mikono."

Nikajua anachotaka kabla hajamaliza. Nikamwambia hapana. Nikamwambia nimempa mambo mengi maishani lakini hilo hapana, asiniombe, atafute mtu mwingine, huko studioni kwa Rupesh wamejaa wapiga vinanda. "Kwao ni noti tu," akasema. Nikatupa mkasi wa kucha ukutani. Mwezi mzima hakulitaja tena, na huko kutolitaja kulikuwa kunanitafuna kuliko kelele. Kisha maneno yake yakaanza kuwa mazito, ulimi unaburuta. Ikabidi nimwambie arudie mambo, mimi niliyekuwa namjua kabla hajafungua mdomo. Asubuhi moja alirudia neno "chai" mpaka akachoka akanyamaza. Mchana ule nikaenda kukaa mbele ya kinanda chake cha umeme, nikakiweka kwenye sauti ya upepo, nikamwambia, "Haya. Nifundishe, kabla sijabadilisha mawazo."

Alinifundisha kwa macho zaidi kuliko kwa mdomo. Mimi si mpiga kinanda. Lakini wimbo ule hauombi ufundi, unaomba uvumilivu, na nilijifunza lini kuinua na lini kungoja. Kila tulipofanya mazoezi niliacha kabla ya noti ya mwisho, najifanya nimekosea. Hakunisema.

Rupesh akaja Jumamosi mchana. Akaweka vipaza sauti, akataka kufunga dirisha kwa sababu ya mabasi, Ruben akatikisa kichwa, aache. Nikaweka vidole vyangu vyote chini, nyumba ikajaa.

Mwanzoni nilikuwa na kazi ya kuhesabu, sikusikia uchungu. Kidole kikainuka, kingine kikainuka. Katikati hivi, mikono ikanikumbusha. Mwili unakumbuka mambo ambayo kichwa kimeyafungia nje. Ulikuwa mkono mdogo, wa moto bado, kucha zina udongo kwa sababu alikuwa anacheza juzi yake tu, na Dative yuko sikioni kwangu anaimba, na chini ya wimbo anasema mwachie sasa, mwachie, dada. Zikabaki noti tatu. Zikabaki mbili. Ikabaki moja, chini ya kidole cha shahada.

Nikaishika.

Ruben alikuwa kwenye kiti chake pembeni yangu, karibu kabisa, mikono imelala mapajani. "Inua," akasema.

Sikuinua. Noti ikaendelea. Basi likapita chini. Rupesh alikuwa ameinamisha kichwa, hajui Kiswahili hata kidogo lakini alijua.

"Francine." Tangu Orpha azaliwe hajawahi kuniita Francine. Kila neno lilikuwa linamgharimu pumzi. "Wewe ulikuwa ndani. Mimi sikuwepo. Nionyeshe ilikuwaje."

Miaka yote ile nilidhani nimeubeba mzigo ule peke yangu na yeye anacheza kinanda. Kumbe alikuwa bado amesimama nyuma ya turubai, anangoja mtu amfungulie.

Nikainua kidole.

Kilikuwa kimya kilekile cha hemani. Hakikupungua hata kidogo tangu siku ile, hakikuzeeka kama sisi. Nilikaa ndani yake na nilitaka mtu aimbe, yeyote, nilitaka akina mama wote wa Castle Vale wavunje mlango waingie wakiimba. Hakuna aliyeimba. Nikamgeukia Ruben. Alikuwa amefumba macho, uso umelowa, na amefurahi. Naapa, alikuwa amefurahi, mwanaume aliyeruhusiwa hatimaye kuingia kwa mtoto wake.

"Asante," akasema.

"Usiniambie asante," nikamwambia. "Usithubutu, Ruben." Hasira ilinipanda kutoka miguuni, kwa sababu nilikuwa nimeelewa sasa alichonifundisha siku zile zote, kidole kwa kidole, na hakikuwa kwa ajili ya Orpha peke yake. Nikaushika mkono wake. Haukunishika. "Na wewe je?" nikamuuliza. "Siku yako ikifika, nani atanifungua vidole?"

Rupesh akanyoosha mkono taratibu akazima mashine. Niliendelea kuushika mkono ule kwa vidole vyangu vyote, na sikukubali kuuachia hata nesi wa jioni alipogonga mlango.